Baridi Yabisi

Kiswahili kina jina la ugonjwa lililobeba dawa yake ndani. Mzee akiamka asubuhi magoti yamekaza na vidole havikunjiki, tunasema ana baridi yabisi. "Yabisi" ni kavu, neno tulilolipata kwa Waarabu, na nyuma yake kuna elimu nzima ya tiba iliyosafiri na majahazi hadi pwani yetu. Waganga wa Kigiriki, na baadaye wanazuoni kama Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walifundisha kwamba mwili una tabia nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Zikilingana, mtu ni mzima. Baridi na ukavu vikizidi, viungo hukaza, na tiba yake ni kumrudishia mgonjwa joto na unyevu.

Bibi yangu wa Kilosa hakuwahi kumsikia Ibn Sina. Lakini alijua kuchovya taulo kwenye maji ya moto, kulikamua, kulikung'uta kidogo na kulibandika mgongoni mwa babu, ambaye alikata mkonge ujana wake wote. Taulo likipoa, lingine liko tayari. Wakati mwingine alitumia majani ya mnyonyo yaliyopitishwa juu ya moto hadi yakalegea. Joto na unyevu, kama vitabu vilivyoelekeza. Mimi nilikuja kusomea fiziotherapia, na mwaka wa kwanza chuoni nilifundishwa somo lenye jina refu kuhusu matumizi ya joto, baridi, maji, sauti na umeme katika tiba. Kurasa za mwanzo zilikuwa taulo la bibi, ila lilikuwa limepewa vipimo.

Leo nafanya kazi Mikumi, ambako watu huniita daktari wa mazoezi. Nikiandika historia ya joto na umeme katika kazi yetu, nalazimika kuanza na migongo ya huku, maana tiba hufuata maumivu, na maumivu hufuata kazi.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita kwenye mbuga ya Makata na bonde la Mkondoa, ndani ya nchi ya Wasagara. Wapagazi walibeba pembe, vitambaa na shanga, mara nyingi mzigo wa frasila mbili kwa mtu mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi mfululizo. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika sana juu ya matope ya Makata. Waliomvusha matope hayo walikuwa na mabega na viuno ambavyo hakuna aliyeandika habari zake. Kisha Wajerumani walileta mkonge mwaka 1893, na mashamba yake yakatanda hadi Kimamba na Kilosa. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikawa imefika Kigoma. Baadaye yakaja mashamba ya miwa upande wa Kidodi na Ruhembe. Hatimaye ikaja barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita kama 50. Upagazi, panga, jembe la mkono, usukani wa lori: kila zama imetuachia aina yake ya mgongo.

Dhidi ya hayo yote, kwa muda mrefu silaha ilikuwa moja, nayo ni joto. Mzazi alikandwa. Mwenye homa alijifukiza nyungu, desturi ambayo taifa zima lilikumbushwa mwaka 2020 wakati wa korona. Unguja, Sayyid Said alijenga bafu la Kiajemi la Kidichi mwaka 1850, na Sultani Barghash akawapa watu wa mjini hamamu ya umma, ile ambayo mtaa wake unaitwa Hamamni hadi leo. Tajiri alikwenda hamamu na maskini akachemsha sufuria, lakini wote walitafuta kitu kimoja.

Joto hufanya nini hasa? Mishipa midogo ya damu hutanuka, damu huongezeka mahali palipopashwa, msuli uliojikaza kwa woga wa maumivu hulegea, na kano hukubali kuvutwa kidogo zaidi. Kwa tiba tunalenga nyuzijoto kati ya 40 na 45 kwenye mwili. Chini ya hapo faida ni ndogo, juu ya hapo unaanza kupika nyama. Na joto la taulo haliendi mbali, huishia kama sentimita moja chini ya ngozi. Ndiyo maana karne ya 20 ilitafuta namna ya kulipeleka ndani zaidi, kwa mawimbi ya redio na kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii.

Hata hivyo, mtu aliyeitikisa tiba ya viungo kwa joto hakutumia mtambo wowote. Elizabeth Kenny alikuwa muuguzi wa Australia asiye na cheti cha uuguzi. Madaktari wa wakati wake waliwafunga watoto wenye polio kwenye vibao na plasta ili viungo visipinde. Yeye alichemsha vipande vya blanketi la sufu, akavikamua, akawafunga navyo, kisha akaanza kuinyosha na kuikunja miguu yao pole pole. Mwaka 1940 alikwenda Marekani, akabishana na wakubwa wa tiba, na mwaka 1942 ikafunguliwa taasisi yenye jina lake huko Minneapolis. Nilipomsoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mama huyu na bibi yangu wangeelewana bila mkalimani.

Umeme una ukoo mwingine. Katika Kiswahili, umeme ulikuwa wa mbinguni kwanza, ule mwako unaotangulia ngurumo. Lakini mgonjwa wa kwanza tunayesoma habari zake alitibiwa kwa umeme wa baharini. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus alishauri mwenye maumivu ya kichwa awekewe samaki hai kichwani, na mwenye jongo amkanyage samaki huyo ufukweni hadi mguu ufe ganzi. Samaki mwenyewe ni wa jamii ya taa, mwenye shoti mwilini. Hakuna aliyejua shoti ni kitu gani. Walijua tu kwamba maumivu yalinyamaza.

Mwaka 1791 Galvani alitangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka ukiguswa na umeme. Mwaka 1831 Faraday akagundua namna ya kuzalisha mkondo kwa sumaku na waya. Na mwaka 1855 daktari wa Paris, Duchenne, akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba ukiweka vipande viwili vyenye unyevu juu ya ngozi unaweza kuamsha msuli mmoja tu na kuuacha wa jirani umelala. Hapo umeme ukawa kama kidole kirefu kinachogusa ndani ya mwili bila kuuchana.

Kwetu, umeme wa kwanza wa umma uliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao wenyewe. Hospitali za Waafrika hazikuwa kwenye hesabu. Wilayani Kilosa kisa kina uchungu wa aina yake. Mwaka 1975 mitambo ya kwanza ya Kidatu, kusini mwa Mikumi, ilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Ruaha Mkuu, na ilipoongezwa mwaka 1980 jumla ikawa megawati 204. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote nchini. Nyaya zilipanda juu ya vichwa vyetu kuelekea Morogoro na Dar es Salaam, na chini yake vijiji viliendelea kuwasha vibatari. Nguvu ilitoka kwetu ikaenda kwingine, kama walivyotoka wapagazi na mkonge.

Nadhani hiyo ni sababu moja ya watu wa huku kuiheshimu mashine kupita kiasi. Kitu ulichokiona kikipita juu kwa miaka, kikishuka chini unakipokea kwa mikono miwili. Mgonjwa akiingia hanisalimii kabla ya kuuliza, "Daktari, mashine ipo?" Nikimwambia leo tutafanya mazoezi, uso unaanguka. Mazoezi anaona angeweza kuyafanya nyumbani bila nauli. Mashine ina taa, ina mlio, ina waya. Inaonekana kama tiba.

Na sisi wenye taaluma tumechangia. Wauguzi wanne walioanzisha chama cha kwanza cha wakandaji wenye mafunzo huko London mwaka 1894 walikuwa wakipigania heshima, kwa sababu kukanda kulishawekwa kundi moja na ukahaba. Naamini mitambo ya umeme iliwasaidia warithi wao kuonekana wanasayansi. Tuliirithi heshima hiyo pamoja na waya zake.

Alikuja kwangu dereva wa lori aliyepata kiharusi kilichotokana na presha. Mkono ulikuwa umeanza kurudi, lakini mguu wa kushoto uliburuta. Ncha ya kiatu ilikuwa imelika. Nilimfunga kifaa kidogo cha umeme chini ya goti, kwa nje, mahali mshipa wa fahamu unapopita karibu na ngozi. Mbinu hiyo ilielezwa na Liberson na wenzake mwaka 1961 kwa wagonjwa kama yeye: unautuma mkondo wakati mguu unanyanyuka, na kanyagio la mguu linajiinua. Likajiinua. Akautazama mguu wake kama mtu aliyemwona ndugu aliyepotea. Mkewe akashika mdomo.

Kuanzia siku hiyo alitaka shoti tu. Wiki iliyofuata nduguze walinijia na swali zito. Walikuwa na ekari mbili kule Ulaya, namaanisha Ulaya ya hapa Kilosa, na walikuwa tayari kuziuza ili wamnunulie mashine yake au wampeleke mjini akapigwe umeme kila siku. Kaka mkubwa aliniuliza, "Wewe ungekuwa ndugu yetu, ungeuza?"

Sikulijibu swali hilo haraka. Niliwaeleza ninachokijua. Umeme unaweza kuuamsha msuli na kuukumbusha ubongo njia ya zamani, lakini ubongo hujifunza kwa kurudia kitendo wenyewe mara mamia, kwa kutaka na kwa kujaribu. Mashine ikifanya kazi peke yake huku mtu amelala akitazama dari, kinachojifunza ni kidogo. Kisha nikasema, "Msiuze." Tukakubaliana apande ngazi tatu za mlango wao asubuhi na jioni, mkewe akihesabu. Kifaa angekikuta kwangu mara moja kwa wiki. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kipindi. Akajaribu kuinua mguu mwenyewe, haukuinuka. Ilichukua wiki nyingi zaidi kabla ncha ya kiatu kuacha kuandika mstari kwenye vumbi. Lori hajarudi kuendesha. Shamba bado lipo, na analima mahindi.

Kwa mgongo, ushahidi umekwenda mahali ambapo wengi hawakutarajia. Mwaka 2016 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza kwamba watu wenye maumivu ya kiuno wasipewe mashine ya mawimbi ya sauti wala zile za kupitisha umeme kwenye ngozi, kwa sababu faida yake haikuonekana. Mwaka uliofuata chama cha madaktari bingwa wa tiba Marekani kilitoa mwongozo wake: kwa mgongo ulioanza kuuma karibuni, anza na njia zisizo za vidonge, na mojawapo ni joto la juu ya ngozi. Yaani taulo. Mashine ya mamilioni iliwekwa kando, na sufuria ya bibi ikapewa kiti.

Lakini nisiisifu sufuria hadi nikaifunika aibu yake. Mama mmoja mwenye kisukari aliletwa na kidonda cha unyayo. Miguu ilikuwa na ganzi na baridi, akailaza usiku juu ya chupa ya maji moto iliyozungushiwa kanga. Hakusikia lolote. Asubuhi ngozi ilikuwa imetoka. Paul Brand, daktari aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwa wagonjwa wa ukoma kwamba vidole vyao havikuoza vyenyewe. Viliungua na kukatika kwa sababu maumivu, yule mlinzi, hakuwapo. Ndiyo maana kabla ya joto lolote namfumba mgonjwa macho na kumgusisha vichupa viwili, kimoja cha moto na kingine cha baridi. Akishindwa kuvitofautisha, hapati joto, hata akinisihi.

Kwa hiyo wagonjwa wangu siku hizi nawaambia hivi. Joto na umeme hufungua dirisha. Maumivu yakinyamaza, una kama nusu saa ambayo mgongo utakubali kuinama na goti litakubali kukunjwa. Ukilala ndani ya nusu saa hiyo, dirisha hujifunga na umelipa nauli bure. Ukiitumia kusogea, kesho litafunguka kidogo zaidi.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikielekea Dodoma, inaingia kwenye mahandaki ya milima ile ile ambayo wapagazi waliizunguka kwa miguu. Wazee wanaoshuka na mizigo yao wanajishika kiuno kama zamani. Babu zao walifanya hivyo hivyo, na ugonjwa bado tunauita baridi yabisi.