Kutoka mdeki hadi ganda la shaba

Mwenye gobori alibeba risasi yake vipande vipande: baruti ndani ya pembe, kitambaa, kidonge cha risasi na fataki. Alimimina, akashindilia kwa mdeki, akapachika fataki, ndipo akalenga. Mvua ya Busoga, Uganda, ikimloweshea baruti, bunduki yote ilikuwa rungu.

Mwaka 1866 Mwingereza Edward Boxer alivikusanya vyote hivyo ndani ya ganda la shaba, kwa ajili ya bunduki ya Snider. Ganda lenyewe lilikuwa bamba jembamba la shaba lililoviringishwa, dhaifu, lakini chini ya fataki yake kulikuwa na tundu moja tu katikati. Tundu hilo ndilo linalorahisisha kazi ya wanaojaza upya maganda hadi leo: sindano moja yatosha kuisukuma nje fataki iliyokwisha.

Lakini urahisi huo ulikuwa na mwenyewe. Wahunzi wa Buganda waliweza kukarabati gobori na kufua risasi za chuma. Ganda la shaba lilihitaji kiwanda, na kiwanda kilikuwa Ulaya. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulilijua hilo vizuri: ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida.

Ndiyo maana ghala la risasi likawa ndio utawala wenyewe. Mfano ni Oktoba 1897, pale askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza walioasi walipoingia ngome ya Luba, Bukaleba, mashariki ya Jinja, wakamuua mkuu wao, Meja Thruston. Waingereza, Waswahili na Waganda waliwazingira hadi Januari 1898.

Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyejenga Mbale kisha akapelekwa Jinja mwaka 1906 kuongoza baraza la Busoga, alikuwa na watu wenye bunduki. Lakini viwanda vya risasi havikuwa vyake. Kaskazini ya Mbale, kwenye njia ya pembe za ndovu ya Karamoja, bunduki zilishuka kutoka Ethiopia, nchi ambako risasi zilitumika sokoni kama fedha.

Wenye pembe za baruti na mideki ya mababu, Bukaleba hata Mbale, msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Vipelekeni makumbusho. Na risasi kuukuu isiyolipuka msiiguse, waiteni polisi.