Afisa Bandia Ndani ya Brauza

Mei 2020 foleni ya malori kuingia Malaba ilikuwa ya kilomita na kilomita, madereva wakisubiri majibu ya kipimo cha korona. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka uliotangulia, na kazi niliyopata ilikuwa kwenye saiba moja hapo Malaba: kuchapisha vyeti, kufungulia watu barua pepe, kuwajazia fomu.

Siku moja akaingia dereva wa Mombasa na ajenti wake wa forodha. Ajenti akafungua barua pepe yake kwenye kompyuta yangu. Kabla sijachapisha chochote, kidirisha kikachomoza: Flash Player yako imepitwa na wakati, sasisha sasa. Nembo ile ile nyekundu, maandishi yale yale. Nikabofya. Si ni apdeti tu?

Jioni matangazo ya kamari yalikuwa yanaruka kila dakika, na ukurasa wa kutafuta haukuwa Google tena. Siku ya tatu nenosiri la ajenti likakataa. Nyaraka za mzigo zilikuwa humo ndani. Dereva akalala kwenye lori usiku mbili zaidi.

"Mdogo wangu," akaniambia, bila hata kupandisha sauti, "huku nje nimewakataa maafisa bandia wanne wiki hii. Wewe wako umemfungulia mlango ukiwa umekaa kwenye kiti."

Maneno hayo yaliniuma, na ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma afisa huyu katoka wapi.

Kidirisha chenyewe kilizaliwa bila nia mbaya. Miaka ya tisini, Ethan Zuckerman alikuwa akifanya kazi Tripod, kampuni ya Marekani iliyowapa watu kurasa za bure. Kampuni moja ya magari ililalamika kwamba tangazo lake limeonekana kwenye ukurasa wa ngono, naye akaandika msimbo wa kulifungua tangazo kwenye dirisha lake la pembeni. Mwaka 2014 aliomba msamaha hadharani. Cha kuchekesha ni kwamba huyo huyo mwaka 2000 alianzisha Geekcorps, shirika lililopeleka mafundi wa kompyuta Ghana. Kwa hiyo Afrika tulipata fundi na ugonjwa kutoka mkono mmoja.

Agosti 2004 Microsoft ikatia kizuizi cha vidirisha kwenye Internet Explorer, pamoja na toleo la pili la marekebisho ya Windows XP. Matapeli wakabadilisha nguo. Wakawa daktari: kompyuta yako ina virusi, lipa tukutibu. Mwishoni mwa 2008 serikali ya Marekani iliishtaki Innovative Marketing, kampuni iliyokuwa na ofisi Kyiv, kwa kuwauzia zaidi ya watu milioni moja dawa feki za aina hiyo. Mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163.

Sasa fikiria daktari huyo akiwa Busia mwaka 2009. Anataka namba ya kadi ya benki. Kadi gani, bana? Watu walikuwa na M-Pesa na noti za Uganda mfukoni. Kwa mara moja umaskini ulitukinga: programu ilipiga kelele mpaka ikachoka, na mwenye saiba akaifuta Windows yote na kuiweka upya.

Apdeti bandia ilikuwa na akili kuliko daktari kwa sababu haikuomba pesa. Iliomba utii, na utii huo tulikuwa tumeshafundishwa na ile ya kweli. Flash ya Adobe ilikuwa na matundu kila kukicha, na Adobe wenyewe walikuwa wakitusukuma tusasishe, tusasishe. (Hapa kwetu jina pia lilileta vituko. Kuna mteja aliona neno Flash akachomoa flashi yake ya kuhifadhia faili, akidhani ndiyo mbovu.) Adobe waliizika Flash tarehe 31 Desemba 2020, lakini bandia wake waliendelea kutembea.

Na huku mpakani karatasi zilikuwa zimehamia kompyutani. Tangu 2014, chini ya himaya moja ya forodha, nyaraka za mzigo wa Uganda zinashughulikiwa mzigo ungali Mombasa, na Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia ili lori lisimame mara moja tu. Ajenti akaacha kubeba faili, akaanza kubeba nenosiri. Wa kujifanya maafisa nao wakafuata zilikokwenda karatasi.

Kuisafisha mashine ile kulinichukua usiku mzima. Kwanza nilichomoa intaneti. Nikaingia kwenye orodha ya programu, nikaipanga kwa tarehe, nikaziondoa mbili zilizoingia siku ile. Halafu viendelezi vya kivinjari, halafu injini ya kutafuta. Nikakirudisha kivinjari kwenye mipangilio ya mwanzo, nikapitisha programu ya kuua virusi mara mbili. Ajenti alibadilisha manenosiri yake yaliyobaki kwa simu yake, maana ukibadilishia kwenye mashine chafu unamkabidhi mwizi ufunguo mpya. Barua pepe ile hakuipata tena.

Siku hizi naandika zaidi ya ninavyotengeneza, ila watu bado huniletea simu. Juni 2022 Safaricom na Visa walileta kadi ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, kwa hiyo ile kinga ya kukosa kadi imekwisha. Na tangu Chrome iruhusu tovuti kutuma arifa, Aprili 2015, tapeli hahitaji hata kukuwekea programu. Inatosha ubonyeze Ruhusu mara moja.

Mwezi jana kijana wa boda alinijia Busia, simu inamlilia "Sasisha Chrome" kila akipakia abiria. Nikafungua Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Tovuti kumi na nne zilikuwa na ruhusa.

"Hawa wote waliingia lini?" akauliza.

"Uliwaruhusu."

Nikaanza kuwafuta mmoja mmoja. Nilipofika wa tisa akanishika mkono.

"Huyo wa matokeo ya mpira muache, bro."