Urejeshaji wa mikopo ya elimu ya juu (Tanzania)

Urejeshaji wa mikopo ya elimu ya juu ni utaratibu wa kisheria unaomtaka mhitimu aliyekopeshwa na serikali kulipa deni lake kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na hudai pia mikopo iliyotolewa na serikali tangu mwaka wa masomo 1994/95.

Marejesho hufuata kipato. Mwajiri humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya marekebisho ya 2016 makato yalikuwa asilimia 8, na ongezeko hilo lilikuwa mzigo mzito kwa wenye mshahara mdogo. Kwa kuwa asilimia 15 hukatwa kila mwajiriwa anayedaiwa, mwalimu wa Mwakitolyo, wilayani Shinyanga, hukatwa kwa kiwango kilekile cha mhandisi wa mgodi mkubwa wa Geita. Mhitimu anayejishughulisha na uchimbaji mdogo wa dhahabu hana mwajiri wa kumkata, hivyo hulipa mwenyewe.

Nafuu kubwa ilikuja 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kilichofutwa ni tozo; deni la msingi lilibaki.