Kutoka Sewa Haji hadi Benchi la Mionzi

Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 1897. Wajerumani waliijenga ufukweni kwa ajili ya wagonjwa wa Kizungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine mjini, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Basi suala la nani atibiwe wapi, na atoke ameridhika kiasi gani, halikuletwa Dar es Salaam na bima. Lilianza na rangi ya ngozi.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilianzia serikalini, nikamalizia hospitali ya binafsi, na wagonjwa ninaowakumbuka zaidi ni wa saratani ya kinywa. Wengi walikuwa watafunaji wa tambuu au wabwiaji wa ugoro. Wataalamu wa kimataifa walipotangaza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba popoo peke yake, hata bila tumbaku, inaleta saratani, wazee hawa walikuwa wameitafuna tangu ujanani. Kidonda kilianzia pembeni mwa ulimi au ndani ya shavu. Mgonjwa akadhani jino linamkwaruza, likang'olewa, kidonda kikabaki palepale.

Pa kuwapeleka palikuwa pachache, maana sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali za binafsi za biashara. Zikabaki za serikali na za mashirika ya dini mpaka mwaka 1991, ruhusa iliporudi. Miaka miwili baadaye uchangiaji wa gharama ukaingia hospitali za serikali, ingawa matibabu ya saratani yaliwekwa kwenye msamaha. Wenye uwezo wakaanza kukimbilia binafsi, na siwalaumu. Kule mgonjwa aliketi, akasikilizwa, akakatwa kinyama cha kupima bila kuzungushwa. Ungewauliza ndugu zake siku hiyo, wangesifu hospitali hadi mlinzi wa getini.

Lakini saratani ya kinywa haiishii kwenye kipimo. Kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Ocean Road tu, ambayo mwaka 1996 ilifanywa taasisi inayojitegemea. Aliyeuza kiwanja kulipia upasuaji wa binafsi alikuja kukaa benchi moja na mkulima wa Kigoma aliyefika na barua ya rufaa. Mzee mmoja wa Tanga, akitokea hospitali ya binafsi, alifika hapo na meno yaliyooza, na hayo hushughulikiwa kabla ya mionzi, kwa kuwa taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida sana jino likija kung'olewa. Akaniambia, "Kule walinipokea vizuri, mwanangu, ila haya ya meno sikuambiwa na mtu." Foleni ya serikali ilimchosha, na alikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo, muuguzi wa hapo ndiye aliyemweleza kwamba mate yatakauka, chakula kitapoteza ladha, na kila siku asukutue kwa maji ya chumvi.

Kwa hiyo nawaomba wanaopima kuridhika kwa wagonjwa wasiwaulize mlangoni. Wawafuate nyumbani baada ya mionzi, wanapokunywa uji kwa shida, wawaulize nani aliwatajia ugonjwa wao waziwazi, nani aliwaeleza yatakayofuata, na nyumbani kumebaki nini baada ya kulipa.