Rilei Yabisi na Hitilafu Zake

Rilei ni swichi isiyobonyezwa kwa kidole, bali huamrishwa na umeme mdogo ipitishe au ikate umeme mkubwa. Na ile ya kale, yenye koili igeukayo sumaku kila ipatapo umeme, huifanya kazi hiyo kwa kugusanisha vipande viwili vya madini na kuviachanisha, mlio wake ukasikika. Walakini iko nyingine isiyo na sumaku wala kiungo kinachosogea, ambayo ndani yake taa ndogo ya LED humulika kihisi mwanga, nacho kikaiamsha triaki, au thairista mbili zilizoelekezwa kinyume, umeme ukapita katika silikoni yenyewe. Kwa kufuata lugha ya fizikia, ambamo hali za maada ni mango, kimiminika na gesi, yafaa kuitwa rilei ya hali mango. Nasi twapendelea kusema rilei yabisi, kwa ufupi wake, na kwa kuwa neno hilo la asili ya Kiarabu lamkumbusha fundi kwamba chombo hiki ni mwili mmoja mgumu, usio na uwazi wa hewa wa kutenga pande mbili. Hitilafu zake akthari huanzia hapo.

Mathalani fundi aliyeiweka katika mashine ya kuangulia vifaranga, ambamo joto lapasa kukaa karibu na nyuzi 37.5, huenda akaizima, akaitoa hita, akapima kwa mita baina ya waya wa hita na nyutro, akakuta volti zikaribiazo 230, akahukumu kuwa rilei imekufa. Hukumu hiyo ni dhuluma, kwani rilei yabisi, hata ikizimwa, huvujisha mkondo wa miliampea chache, nao watosha kuihadaa mita. Lakini afungapo balbu ya waya ya wati 60 mahali pa hita, volti zile hutoweka na balbu ikabaki giza, ikawa ithibati kwamba rilei imezima ipasavyo. Kadhalika kitaa chake cha LED kikiwaka huonyesha tu kwamba amri imefika, wala si dhamana kwamba umeme umepita.

Hitilafu ya pili ni kuitumia rilei ya mkondo geu kwa mota ya betri. Triaki ikishaamshwa hailali mpaka mkondo ushuke hadi sifuri, jambo ambalo umeme wa hezi 50 hulifanya mara 100 kila sekunde, ilhali ule wa betri haulifanyi kabisa. Basi mota huzunguka tu, amri ikiondolewa isiondolewe. Dawa yake ni rilei yabisi iliyoundwa kwa mkondo mnyoofu.

Fauka ya hayo, silikoni hubakiza kati ya volti 1 na 1.5, hata mkondo wa ampea 10 ukazaa wati 10 mpaka 15 za joto, nayo isipofungwa juu ya aluminiamu yenye mapezi itaungua. Tena aghalabu hufa ikiwa inapitisha, hita isizimike tena. Kwa hiyo ni wajibu kuweka pamoja nayo fyuzi ya joto. Na maadamu ikiwa nzima huvuja na ikifa hupitisha, asishike mtu waya zake kwa kuitegemea kuwa imezimwa: na achomoe plagi kwanza.