Giaboksi ya Datsun 240Z na siri ya namba 71

Leo naomba tuweke kando kidogo mambo ya kodi (zile tunazoandika kwenye kompyuta, si zile za KRA) tuzungumze habari za chuma na grisi. Msinikimbie. Kabla hatujamaliza mtaona kwamba ni mambo yale yale.

Mjomba wangu anaishi hapa Mountain View, na ana Datsun 240Z ya mwaka 1973. Kwa miaka miwili gari hilo lilikuwa limelala chini ya turubai kwa sababu giaboksi ilikuwa imechoka. Gia ya pili ilikuwa ikilia kama posho mill iliyomeza msumari, na ya tatu ilikuwa ikichomoka yenyewe ukiachia mafuta. Januari 2024 akaja mtu mwenye pesa taslimu akitaka kulinunua na kulisafirisha nje ya nchi. Mjomba akaniita.

"Mpwa wangu," akasema, "Safari ya mwaka huu ni Pasaka, kama zamani. Ikiwa gari hili haliwezi kunifikisha Naivasha, nitaliuza. Gari lisilotembea ni kabati."

Magoti yake hayamruhusu tena kulala chini ya gari. Kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Kwanza historia kidogo, ili muelewe kwa nini mzee anaweza kulilia gari. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, gari jipya la michezo lililokuwa limeoneshwa Japani mwaka 1969. Nafasi ya pili pia ikachukuliwa na 240Z, ya Shekhar Mehta.

Mehta ndiye shujaa wa mjomba. Alikuwa mzaliwa wa Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia alihamia Kenya. Pasaka ya 1973 akaingia Safari na 240Z. Mwisho wa mashindano, yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, walikuwa na adhabu sawasawa. Waamuzi wakaangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila adhabu, na ushindi ukawa wa Mehta. Mtu aliyekuwa amepoteza nchi alishinda kwenye barabara za jirani. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini kwa mjomba hakuna ushindi kama ule wa 1973, na gari lake ni la mwaka huo huo.

Sasa turudi kwenye giaboksi. Injini ya petroli ina nguvu nzuri ndani ya mizunguko fulani tu, na kwa hiyo inahitaji meno ya ukubwa tofauti kati yake na magurudumu. Mwaka 1891 kampuni ya Ufaransa, Panhard et Levassor, ilitumia gia zilizosukumwa kwenye shafti mpaka zikumane. Ilifanya kazi, lakini kama mizunguko haikulingana, meno yaligongana na dereva alisikia hadi kwenye mifupa. Dawa ilitoka Marekani. Earl Thompson alibuni sinkromeshi, na Cadillac ikaanza kuiuza mwaka 1928. Siri yake ni ringi ya shaba yenye umbo la koni. Kabla meno hayajaingiliana, koni inasuguana na gia na kuifanya izunguke kwa kasi ile ile.

Mnaokumbuka modemu za simu mtaielewa haraka. Zile kelele nilizozisikia saiba nikiwa mtoto zilikuwa mashine mbili zikikubaliana kasi kabla ya kutumiana chochote. Sinkro hufanya hivyo hivyo kwa chuma. Ringi ikiisha, makubaliano hayapo, na unasikia posho mill.

Ringi mpya za giaboksi ya mjomba hatukuzipata kwa wakati. Tulichopata ni giaboksi nzima, kwenye barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Ilikuwa imetoka kwenye saluni ya Datsun ya mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye injini ya familia ile ile ya L. Swali likawa: itaingia?

Hapo ndipo nilipokutana na jina FS5W71B, nikafurahi kama mtu aliyefungua kodi ya mwenzake na kukuta imeandikwa kwa adabu. Namba 5 ni idadi ya gia za mbele. W ni aina ya sinkro, ya Warner. B ni toleo. Na 71 ni milimita, umbali kati ya shafti kuu na shafti ya chini yake. Umbali huo Nissan hawakuugusa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 walibadilisha uwiano wa meno, makasha na sinkro, lakini familia ya 71 iliendelea hadi miaka ya 1990. Toleo C lilifungwa kwenye Silvia ya S13. Sisi wa programu tunajua uzuri wa jambo hilo: badilisha ndani utakavyo, lakini usivunje mlango ambao wengine wanaingilia.

Tulianza kazi Jumamosi moja ya Februari, mimi na binamu yangu, kwenye simiti ya nyuma ya nyumba. Toa waya wa betri. Mwaga oili. Nyanyua gari na uliweke kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini hata siku moja. Fungua bolti nne za propela kwenye difu, uichomoe nyuma ya giaboksi. Toa kebo ya spidomita, nyaya za taa ya rivasi, silinda ndogo ya klachi na stata. Weka ubao juu ya jeki ya pili ushikilie injini, fungua mhimili wa nyuma, kisha bolti zinazoshika giaboksi kwenye injini. Halafu uivute nyuma ikiwa imenyooka. Ina zaidi ya kilo 30, na zote zinakuja kifuani pako kwa wakati mmoja.

Diski ya klachi tuliweka mpya, tukaisawazisha katikati kwa kijiti alichotuchongea seremala. Presha pleti ilikuwa nzima, tukairudisha. Gia ya spidomita tuliihamisha kutoka giaboksi ya zamani, kwa kuwa difu za magari yale mawili hazilingani na mshale ungedanganya. Oili tulichagua ya daraja la GL-4, kwa sababu viambato vya salfa vilivyo kwenye GL-5 vinaweza kula shaba ya zile ringi. Bolti zote ziliingia na meno ya shafti yakakubali. Jumapili jioni nikawasha gari huku mjomba amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Nikakanyaga klachi mpaka chini, nikasukuma gia ya kwanza. Ikakataa na kulia. Nikazima injini, ikaingia laini. Nikawasha, ikakataa tena. Klachi ilikuwa haiachii.

Mjomba hakusema neno. Aliingia ndani. Heri angenigombeza.

Nilitoa hewa kwenye mfumo wa klachi mara tatu. Nikasoma kitabu cha gari hadi saa saba usiku, na kila nilichokisoma nilikuwa nimekifanya sawasawa. Asubuhi nikampigia simu fundi mzee wa Grogan, mtu aliyeanza kazi miaka ya 1970 kama mshika spana. Hakuniacha nimalize maelezo.

"Kola ya rilisi beringi mliyofunga," akauliza, "ni ya giaboksi au ya klachi?"

Sikuelewa swali. Akanieleza polepole. Kola ndiyo inayobeba beringi inayosukuma presha pleti. Ipo fupi na ipo ndefu, kulingana na kimo cha presha pleti. Kwa kuwa inakaa kwenye giaboksi, kila mtu anadhani ni mali ya giaboksi. Si kweli. Ni ya klachi. Sisi tulikuwa na presha pleti ya 240Z na kola iliyokuja na giaboksi ya saluni. Ilikuwa fupi mno, na pedali ilikuwa ikisukuma hewa.

Kitabu hakikunidanganya. Kilieleza gari moja. Mimi nilikuwa na magari mawili yaliyochanganywa, na kuhusu mchanganyiko huo kiwanda hakikuandika kitu. Ujuzi wa kuchanganya ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja kwenye kibanda cha mabati.

Na hiyo pia ni historia. Mwaka 1965 Joginder Singh, makanika wa Nairobi, alishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyowafanya wataalamu waanze kuzungumzia kwa uzito kazi hizi zisizo rasmi. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na mabanda yakaanza kujengwa, na jina jua kali likawa la nchi nzima. Tunawasifu kwa mikono yao. Tunasahau kwamba wamebeba pia maktaba, na kwamba maktaba hiyo haina nakala.

Wikendi iliyofuata tuliishusha giaboksi tena. Fundi wa Grogan akatugongea beringi mpya kwenye kola ya zamani kwa mashine yake ya kukandamiza. Jumapili saa kumi nikakanyaga klachi, na gia ya kwanza ikaingia kama kisu kwenye siagi.

Safari ilifanyika tarehe 28 hadi 31 Machi. Tuliondoka alfajiri kwa barabara ya Waiyaki, mjomba kwenye usukani. Kwenye mteremko wa kuelekea bonde la ufa alirudi kutoka gia ya tatu hadi ya pili. Hakukuwa na kelele. Akarudi ya tatu, kisha akaishusha tena ya pili, bila sababu yoyote ninayoijua. Yule mnunuzi alipiga simu wiki ile ile, akaambiwa gari lina kazi.

Mimi nimenunua daftari. Kila Jumamosi nikipata nafasi huwa naenda Grogan kumuuliza yule fundi maswali: kola ipi kwa klachi ipi, propela ya gari gani inafaa wapi. Anacheka, lakini anajibu. Kama na nyinyi mna fundi wa aina hiyo karibu, nendeni na kalamu mapema.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye kodi. Tukutane.