Kanga za Zamani: Hazina ya Ubunifu Tunayoiacha Ichakae

Mwaka 2008, Kenya ikiwa bado inauguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Mmarekani Max Osterweis alianzisha kampuni ya mitindo New York na kuipa jina la mama yake, SUNO. Mama huyo alikuwa na nyumba Lamu, na kwa miaka kadhaa Osterweis alikuwa akinunua kanga za zamani kila alipokuja pwani. Akishirikiana na mbunifu Erin Beatty, alizikata kanga hizo na kuzishona magauni, kaptura na makoti, akitumia pia mafundi wa Kenya. Majarida ya mitindo yalizishangilia. Kampuni ilifungwa mwaka 2016, lakini ilikuwa imeshaonyesha jambo moja: kitambaa kilichochujuka, ambacho hapa kwetu kingeishia kuwa tambara la kudekia, kilitosha kuzindua mkusanyiko mzima wa nguo katika mji mkubwa wa mitindo duniani.

Ukimwambia kijana anayesomea ubunifu Dar es Salaam au Nairobi akuletee kazi yenye ladha ya zamani, mara nyingi atafungua intaneti na kurudi na magari ya Marekani ya miaka ya 1950, taa za neoni na mabango ya soda. Si kosa lake. Hivyo ndivyo anavyoletewa. Lakini katika masanduku ya bibi zetu mna kumbukumbu ya ubunifu yenye zaidi ya miaka mia moja, yenye rangi, herufi, mipangilio na hoja. Kanga nyingi za aina hiyo hazijawahi kupigwa hata picha.

Tumezoea kuiita kanga vazi la asili, tukaishia hapo. Historia yake inasema zaidi: tangu mwanzo kanga ilikuwa fasheni. Ilibadilika msimu hadi msimu, na kila moja ina wakati wake. Mbunifu akishaelewa hilo ataacha kuiona kama pambo la jumla la "Kiafrika" na kuanza kuisoma.

Kutoka marikani hadi mji na pindo

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kitambaa kilichotawala soko la Unguja kilikuwa marikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Marekani ilimweka balozi wake mdogo Unguja mwaka 1837, Richard Waters, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Salem. Marikani iliyotiwa nili ikawa kaniki. Watumwa na watu wa hali ya chini walivaa marikani na kaniki, na mtu aliweza kukisia cheo cha mwenzake kwa kumtazama mwilini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata mkondo huo. Vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo, na pamoja navyo leso za rangi zilizochapwa maua na madoa. Leso ziliuzwa zikiwa bado hazijakatwa, zimeungana kwenye gora. Wanawake wa pwani wakagundua njia yao: walinunua leso sita kwa mpigo, wakakata tatu na tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu na kupata nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo, waliagiza kitambaa kilichochapwa kikiwa kizima. Kufikia miaka ya 1880 na 1890 umbo tunalolijua lilikuwa limejengeka: pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na pande mbili zinazouzwa pamoja kama doti.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na kuishika kanga. Kwao kanga ilikuwa tangazo kwamba mvaaji ni mtu huru, anayechagua nguo yake na kuilipia kwa fedha yake. Ndiyo maana walidai michoro mipya kila mara. Mchoro wa msimu uliopita ulikuwa umepitwa, na duka lililochelewa kupata mpya lilikosa wateja.

Zilichapwa mbali, zikaamuliwa hapa

Kwa miongo mingi kanga haikuchapwa Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wenye asili ya India na kampuni za Hamburg zilizokuwa na ofisi Unguja zilipeleka maagizo Ulaya, na viwanda vya Uholanzi katika miji ya Leiden, Haarlem na Helmond vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuyatimiza. Vya Uingereza navyo viliingia sokoni. Kuanzia miaka ya 1930, na hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ikachukua nafasi kubwa, kisha India ikafuata.

Fundi wa Helmond aliyechonga kibao cha kuchapia hakuwa amewahi kupita soko la Darajani, Unguja. Alitegemea barua, sampuli na maelezo ya mwenye duka, naye mwenye duka alitegemea maneno ya wanawake waliosimama mbele yake: hii rangi imepooza, hii pindo nyembamba, hii tumeshaichoka. Kwa hiyo mchoro ulichorwa Ulaya au Asia, lakini uamuzi ulikuwa wa mteja wa Unguja, Mombasa na Lamu. Tunapowatafuta wabunifu wa kanga, tuwahesabu na wanawake hao, ingawa hakuna kibao chenye majina yao.

Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi. Jina, yaani yale maneno yanayokaa chini ya mji, liliingia mapema katika karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Anayetajwa sana katika mageuzi hayo ni Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza Mombasa mwaka 1887. Alama ya "Mali ya Abdulla" ilichapwa kwenye kanga zake na kujulikana pwani nzima. Hapo kanga ikawa nguo ya kusomwa. Mke aliyenyimwa neno nyumbani aliweza kutoka amejifunga "Japo sipati tamaa sikati", na mtaa mzima ukaelewa.

Baada ya uhuru uchapaji ukaja nyumbani. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Mwatex ya Mwanza na viwanda vya Kenya kama Rivatex ya Eldoret navyo vilitoa vitambaa vyao. Picha za viongozi, mwenge, sherehe za taifa na ujumbe wa afya vikaingia kwenye mji. Kisha miaka ya 1990 ikaja na soko huria, mitumba na kanga za bei nafuu kutoka nje, viwanda vingi vikayumba, na kumbukumbu za michoro yao zikakosa mtu wa kuzitunza.

Namna ya kuisoma

Itandaze kanga kuukuu juu ya meza yenye mwanga mzuri. Ina upana wa takriban mita moja na nusu na kimo cha zaidi kidogo ya mita moja. Anza na maandishi: hati za Kiarabu hukupeleka nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kama ni hati za Kirumi, angalia umbo la herufi. Kwenye kanga nyingi za zamani zilichorwa kwa mkono: O imebonyea upande, S moja ni nene kuliko nyenzake, na nafasi kati ya maneno imebanwa ili jina lote litoshe kwenye kisanduku chake. Mchoraji wa herufi anayetafuta sura isiyofanana na fonti za kompyuta atapata hapo shule nzima.

Sogea kwenye rangi. Zihesabu. Mara nyingi ni mbili au tatu, ukiacha weupe wa kitambaa chenyewe. Sababu ni gharama: kila rangi ilihitaji kibao chake, na baadaye skrini yake, kwa hiyo rangi moja zaidi ilimaanisha kazi na fedha zaidi. Uchache huo uliwalazimisha wachoraji kutumia weupe kama rangi kamili na kuifanya nyeusi ibebe umbo lote. Tazama pia mahali nyekundu ilipovuka mstari mweusi kwa upana wa ukucha. Hapo skrini mbili hazikukaa sawasawa. Wabunifu wa mabango wa leo huitafuta athari hiyo kwa programu za kompyuta, ilhali kwenye kanga ilizaliwa kiwandani.

Halafu pima uwiano. Pindo pana hukaza mji na kuupa nguvu. Ikiwa nyembamba, mji huonekana kuelea. Pembe nne ndizo mtihani wa mchoraji, kwa sababu hapo mapambo ya pande mbili hukutana na lazima yageuke bila kukatika. Na kumbuka kwamba kanga haikuchorwa ili itundikwe ukutani. Ilichorwa ifungwe kifuani, itandwe kichwani, ibebe mtoto mgongoni. Jina limewekwa pale ambapo nguo ikishavaliwa, anayekuja nyuma ataliona.

Kisutu kinastahili kusimama peke yake. Ni kanga ya harusi, ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye alama ndogondogo zilizopangwa kwa safu, na mchoro wake haujabadilika sana kwa vizazi. Katikati ya nguo zilizokimbizana na msimu, wanawake walikubaliana kwamba hii moja ibaki. Mbunifu anayetaka kuichezea anapaswa kujua kwanza kwamba anagusa nguo ya bibi harusi.

Chanzo kingine ni picha. Wapigapicha wa Kigoa waliofanya kazi Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho, walipiga picha nyingi zilizouzwa kama kadi za posta. Ndani yake wamo wanawake waliovaa kanga zenye michoro mikubwa ya duara, nyota na maua ambayo vitambaa vyake vimeshapotea. Rangi hazionekani, lakini mpangilio unaonekana wazi.

Waliotangulia kuithamini

Wengine wameshaifanya kazi hii kwa bidii. Jumba la British Museum la London lina mkusanyiko wa kanga, ikiwemo ile iliyomhusu Barack Obama mwaka 2008, na mwaka 2013 lilizionyesha katika maonyesho ya vitambaa vya Afrika. Kampuni ya Vlisco ya Helmond imehifadhi michoro iliyochapwa kwa ajili ya soko letu. Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kukulia Uingereza na mama mbunifu wa vitambaa, ameipeleka kanga kwenye uchoraji, kwa pindo, mji na maneno. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner.

Hatari nayo ipo. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba kulisajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Wakenya na washirika wao walipinga, na mwaka 2008 jaribio hilo likafa. Kisichoandikwa na wenyewe kinaweza kudaiwa na yeyote, na kanga ambazo hazina kumbukumbu ni rahisi kunyakuliwa kuliko jina la kikoi.

Ndiyo maana nawaomba wabunifu wetu wasikimbilie mkasi. Kanga ya mwaka 1965 ikishakatwa gauni haipo tena. Ipige picha kwanza, yote, kisha pembe, kisha alama ya mtengenezaji na jina. Muulize mwenye nayo aliinunua lini, wapi, na kwa nini alichagua jina lile, uandike majibu yake. Ukitumia mchoro wake kwenye jalada la kitabu, bango au shati, taja ulikotoka. Anayejua kwamba mchoro ni wa miaka ya mwanzo ya Urafiki ana hadithi ya kumpa mteja. Anayejua tu kwamba ni "wa zamani" ana rangi peke yake.

Na vyuo vyetu vya sanaa vina nafasi ya kuongoza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe kazi ya kuleta kanga moja kongwe kutoka kwao, aichore upya kwa kipimo, aichambue na kuweka kumbukumbu yake mahali ambapo wengine wataiona. Baada ya madarasa machache chuo kitakuwa na mkusanyiko ambao Helmond na London hawana, kwa sababu wao wamehifadhi vitambaa na michoro, ilhali wanawake waliozinunua na kuzivaa kanga hizo wako huku kwetu, na wengi wao bado wana kumbukumbu nzuri. Kazi hiyo haisubiri bajeti. Inasubiri tuanze wakati bado tuna wa kuwauliza.